Mkebe wa Magome kwa Mama

Mimi huuza dawa. Nina kemisti ndogo mjini Kitale, katikati ya duka la mbegu na kibanda cha kinyozi, na kazi yangu kutwa ni kusikiliza watu wakikohoa. Mwezi wa saba, baridi ya huku ikianza kuuma, foleni hufika hadi barazani. Wengi huanza kujitetea kabla sijawauliza chochote. "Daktari, nimekunywa tangawizi na ndimu, nimejifukiza na majani ya bluugamu, lakini hii kitu imekataa kutoka, bana." Mimi si daktari, nimeshachoka kuwaambia.

Wako wenzangu wa kazi hii ambao wakisikia neno miti hupinda mdomo. Mimi sipindi. Nimelelewa na hayo majani, na nikiulizwa husema ninachokijua, basi. Asali imepimwa kwa watoto wenye kikohozi cha mafua ikaonekana inatuliza, pengine sawa na sharubati ninazouza mimi mwenyewe, ila mtoto ambaye hajatimiza mwaka asionjeshwe kabisa. Tangawizi imechunguzwa maabara, ikaonekana inalegeza misuli ya njia za hewa, lakini hiyo ni maabara. Kwa binadamu anayetembea ushahidi bado ni mwembamba. Bluugamu, yaani mkaratusi, ina mafuta ambayo hata viwanda huyatia kwenye dawa za mafua, lakini ule mvuke wa sufuria chini ya blanketi umewaunguza watoto ninaowajua, na hapo huwa mkali sana. Watu hawapendi jibu la namna hiyo. Wanataka niseme inafanya kazi au haifanyi, kama mtu anayenunua tochi.

Kwa hiyo msinione mjinga. Nilijua dawa za duka, nilijua na za shambani, na kifua nilichokijua kuliko vyote kilikuwa cha mama yangu. Hicho ndicho kilichonishinda.

Mama aliishi upande wa Bungoma, kijijini karibu na Chwele. Maisha yake yote aliuza vitunguu katika soko la Chwele, na maisha yake yote alipika katika jiko la mafiga ndani ya chumba kisicho na dirisha. Kuni zikikosa alichoma magunzi ya mahindi, na anayejua magunzi mabichi anajua moshi wake. Uzeeni kifua kikaanza kupiga filimbi. Hospitalini wakasema ni pumu, na moshi umechangia, wakamwandikia inhela mbili: ya bluu ya kuvuta akibanwa, na ya kahawia ya kuvuta kila siku, abanwe asibanwe. Nikawa nampelekea mimi kutoka dukani kwangu.

Ile ya kila siku hakuitaka. "Ati hiyo ukianza hutaacha," akaniambia. Ndivyo wanavyosema kule, kanisani, sokoni, kila mahali.

"Na chai, mama? Uliianza lini, na umeiacha lini?"

Alicheka mpaka akakohoa, akanirushia kitambaa. Lakini akaanza. Akavuta asubuhi na jioni, akisukutua mdomo kama nilivyomfundisha, na baada ya muda akawa mtu mwingine. Akapanda tena kile kilima cha sokoni bila kusimama njiani. Akaimba tena na akina mama wa kanisa, tena si kuimba kwa adabu. Mama alikuwa ndiye anayeanzisha wimbo, na wimbo wake alikuwa anauanzisha juu mno makusudi, halafu anawatazama wenzake wakihangaika kuufikia. Nikimsikia hivyo nilikuwa nasema moyoni, basi, tumeshinda.

Mimi nimeolewa Kachibora, kwenye familia iliyohamia Trans Nzoia kutoka mkoa wa Kati zamani za babu. Baba mkwe wangu ni mkulima wa mahindi, mzee mpole, mbishi kidogo, anayependa ng'ombe wake kuliko siasa. Kando ya zizi lake kuna mti wa muthiga. Gome lake ni kali kama pilipili. Ukilitafuna ulimi unawaka, pua inafunguka, na kifua kinapata joto. Yeye na watu wake hawajui dawa nyingine ya kikohozi. Hukata kipande upande mmoja tu wa shina, hupaka kidonda cha mti kinyesi cha ng'ombe, na hakati tena hapo mpaka pamepona. Mtoto akikaribia mti huo na panga, mzee hupiga kelele utadhani wanamwibia.

Siku moja akanisikia nikimwambia mume wangu habari za mama. Akaenda zizini, akarudi na mkebe wa mafuta ya kupikia ya Kasuku uliojaa magome.

"Wewe ni mtu wa ndawa za duka, najua," akasema. "Lakini hii mpelekee mama yako. Achemshe, anywe ikiwa moto. Mwambie ni mimi nimetuma."

Nilijua habari za muthiga. Maabara zimeuchunguza, na ule ukali wake huua baadhi ya bakteria na fangasi kwenye sahani. Lakini pumu si bakteria. Pumu ni njia ya hewa iliyovimba na kujibana, na sahani ya maabara haina mapafu. Kwamba unaponya pumu hakuna aliyeonyesha. Nikajiambia, akinywa kikombe kimoja cha maji machungu juu ya inhela yake, kuna ubaya gani? Nikaubeba mkebe.

Sasa, kwetu mambo ya wakwe si mchezo. Mama aliupokea ule mkebe akiwa amesimama, akajifunga leso upya kwanza, kana kwamba mzee mwenyewe yuko pale mlangoni. Kitu cha wakwe hakiwekwi kando. Hakipewi jirani. Usipokitumia umewatukana, na matusi hayo atakuja kuyalipa binti yako jikoni kwao. Hivyo ndivyo alivyolelewa, na mimi nikalelewa hivyo hivyo.

Na chombo cha watu hakirudi kitupu. Hilo nalo ni sheria. Nilipokuja tena, mama alikuwa ameumwaga muthiga kwenye chungu chake, ameosha mkebe, ameujaza njugu za kukaanga mpaka kifuniko kinakataa kufunga. "Wapelekee wakwe. Mwambie baba huo mti umenisaidia sana."

Nikampelekea baba mkwe. Akafungua, akacheka, akaonja moja, akaonja nyingine. "Aa, watu wa Bungoma watanimaliza! Sasa mimi nitarudishaje mkebe wa watu hivi hivi?" Akachukua panga lake, huyo zizini.

Ndivyo ilivyoanza. Magome yakaenda Chwele, njugu zikaja Kachibora. Magome yakaenda, simsim ikaja. Yakaenda, ukaja unga wa wimbi, mayai yaliyofungwa kwa majani ya migomba, na wakati mmoja vitunguu vikubwa ambavyo mama hangemuuzia mtu yeyote kwa bei yoyote. Mkebe haukukaa mahali ukapoa. Nami nilikuwa katikati, nabeba na kubeba, na furaha yangu ilikuwa kubwa jamani. Wazee hawa wawili walikuwa wameonana mara chache tu, siku za mahari na harusi, baba mkwe amevaa suti na mama amevaa gomesi, wakiongea kwa kuinamisha macho. Sasa walikuwa wanaongea kupitia kwangu, hata utani. Kila nilipofika kwa mama alikuwa anauliza, "Mkwe wangu amesemaje?" Nikimwambia ameonja njugu kabla hata ya kukaa, alikuwa anafurahi kama msichana.

Kila mara alisema mti unamsaidia. Nami niliona kweli anaendelea vizuri, maana alikuwa amevuta inhela miezi mingi. Nikafikiri vyote viwili vinaenda pamoja. Sikuwa na sababu ya kufikiri vingine.

Halafu akaanza kurudi nyuma.

Ilikuwa polepole, na labda ndiyo maana. Kwanza akamwachia wifi yangu, mke wa kaka, meza ya vitunguu sokoni, akisema jua ni kali. Halafu nikamwona akienda chooni, akasimama katikati ya njia akishika mgomba, akijifanya anautazama kama umezaa. Halafu kanisani. Nilikaa nyuma yake Jumapili moja, na wimbo ukaanzishwa na mwanamke mwingine. Mama alikuwa anafungua na kufunga mdomo tu. Sauti haikutoka.

"Mama, unavuta ile ya kahawia?"

"Navuta, mwanangu. Si nimekuambia?"

Nikaamini. Nani atamwuliza mamake mara mbili kana kwamba ni mtoto wa shule? Hata inhela zilizokwisha sikuomba kuziona; nilikuwa naleta mpya, ananishukuru, anaingia nazo chumbani. Nikaanza kupigana na kila kitu kingine. Nikasema ni moshi, nikamgombeza kaka yangu mpaka akatoboa dirisha jikoni. Nikasema ni vumbi la maganda ya vitunguu, nikaamuru vitunguu vihifadhiwe kwenye ghala la nje. Nikasema ni kuku wanaolala ndani, nikawafukuza kuku. Wifi yangu alinikasirikia, na alikuwa na haki yake. "Wewe unakuja hapa Jumapili kutusimamia, ukienda sisi ndio tunakesha tukilinda hao kuku huko mvuani," akasema. Nikimwambia mama twende tumwone daktari, alikuwa na sababu: baada ya mavuno, baada ya mkutano wa akina mama, mvua ikipungua. Nami nilikuwa na duka.

Na mkebe? Mkebe ulikuwa unaendelea na safari zake. Tena nilimwambia baba mkwe kwamba kifua cha mama kimekuwa kizito, naye akahuzunika kweli, akajaza magome akayashindilia kwa ngumi ili yaingie mengi. "Aongeze," akasema. Nikamfikishia mama, "Baba amesema uongeze." Mimi, kwa mdomo wangu.

Wifi alinipigia simu asubuhi moja nikiwa nafungua duka. "Mama hajarara usiku wote. Tuko njiani, jirani ametupakia kwa pikapu, tunaenda Bungoma." Nikafunga mlango niliokuwa nimeufungua nusu. Mteja mmoja alikuwa ameshika mtoto anayekohoa, akaniita, sikugeuka.

Nilimkuta mama hospitalini mjini Bungoma akiwa ameketi kitandani, mikono imeshika magoti, mabega yakipanda na kushuka, maski ya oksijeni usoni. Mtu wa pumu akibanwa hivyo hawezi kulala chali, na hawezi kusema zaidi ya neno moja au mawili. Daktari, msichana mwenye sauti ya taratibu, alikuwa ameshamchoma dawa na kumwekea nyingine kwenye mvuke. Akaniuliza anatumia dawa gani nyumbani. Nikamjibu kwa majina yote, kwa kipimo, kwa saa. Ya kahawia asubuhi na jioni, nikasema, haijawahi kukosa, naleta mwenyewe.

Mama akatikisa kichwa.

Nikadhani ni kubanwa. Akatikisa tena, akaivuta maski kando kwa kidole. "Nangoja," akasema. Akavuta pumzi. "Mti wa wakwe... uishe kwanza."

"Unasemaje, mama?"

Alichukua muda mrefu kuyamaliza, akirudisha maski na kuivuta tena, na daktari akimkataza. Alisema dawa mbili zikikutana tumboni zitagombana. Kwa hiyo aliiweka ya kahawia kando siku mkebe wa kwanza ulipofika, amalize cha watu, halafu arudi kwenye inhela. "Lakini hauishi," akasema. "Kila nikikaribia... unaleta mwingine." Akatabasamu, kwa aibu, kama mgeni aliyeandaliwa chakula kingi akashindwa kumaliza sahani.

"Na nani alikuambia zitagombana?"

"Si wewe?" akasema. "Pale dukani."

Nikakumbuka. Alikuwa amekuja Kitale kunitembelea, amekaa kwenye benchi, akaingia mzee mmoja wa presha aliyekuwa anakunywa dawa za miti za chupa isiyojulikana juu ya vidonge vyake. Nilimfokea yule mzee. Nikamwambia usichanganye dawa bila kuuliza, utakufa, nikisema kwa sauti ili benchi nzima isikie. Yalikuwa maneno ya kweli, na kesho nitayasema tena kwa mwingine. Mama aliyachukua akaenda nayo nyumbani, na kuuliza hakuuliza, kwa sababu kuniuliza ingekuwa ni kuniambia kwamba zawadi ya wakwe zangu imemletea matatizo.

Daktari akamshika mkono. "Mama, inhela haiendi tumboni, inaenda kifuani. Ungevuta asubuhi, na huo mti ningekuuliza tu unakunywa kiasi gani. Hukutakiwa kuchagua." Alimwambia kwa upole sana. Mama akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama alivyomwitikia kila mtu siku zote.

Aliishi mpaka Jumapili. Asubuhi tulidhani anapata nafuu, hata aliomba chai. Mchana, watu wakitoka kanisani barabarani nje, kifua kikakataa.

Nilipofika kijijini nikafungua kabati lake. Inhela za kahawia nilizompelekea tangu mkebe wa kwanza zote zilikuwemo, zimefungwa ndani ya leso safi, hazijafunguliwa hata karatasi. Alikuwa amezitunza vizuri. Nilikaa sakafuni nikalia kwa hasira, si kwa huzuni, hasira tupu. Nilimkasirikia mama, haki ya Mungu, maiti yake haijatoka mochari. Nikawakasirikia wanaosema ukianza hutaacha. Nikayakasirikia mambo ya wakwe na adabu yake yote, na mimi niliyeibeba adabu hiyo kwenye mkebe nikicheka njia nzima. Kama mmoja wetu angekuwa mkorofi kidogo tu! Kama mama angesema, mwambie baba atosheke na hayo magome yake. Kama baba mkwe angekuwa mchoyo. Lakini walikuwa watu wazuri, wote wawili, na nilikuwa najivunia uzuri wao.

Nikaapa nitamwambia baba mkwe. Si kumlaumu, hapana. Ili ajue, ili kesho akimpa mtu mwingine gome amwambie, dawa ya hospitali usiiache. Nilipanga na maneno yenyewe. Yule mzee ana akili, angeelewa. Na kama si mimi muuza dawa wa kumwambia, ni nani?

Siku ya mazishi wakwe wakaja kutoka Kachibora, wakaketi mahali pao chini ya turubai. Akina mama wa kanisa wakaimba. Walianzisha wimbo chini, mahali pa wastani, kila mtu akaufikia bila shida, na hapo ndipo nilipojua kwamba mama ameenda.

Baada ya kufukia, baba mkwe akaniita kando, karibu na migomba. Kofia alikuwa ameishika mkononi. Alikuwa amezeeka ghafla, au labda sikuwa nimemtazama sawasawa siku zile. Akasafisha koo, akatazama viatu vyake vyenye udongo wa kaburi.

"Mama," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita, "nataka kukuuliza kitu na usinifiche. Mimi si daktari. Tangu nisikie habari hii sijapata usingizi. Ile mti yangu. Ilikuwa inamsaidia kweli, ama mlikuwa mnanistahi tu?"

Mlango wote alikuwa ameufungua mwenyewe. Maneno niliyokuwa nimeyapanga yalikuwa hapa, ulimini. Nikamtazama usoni, nikaona jinsi midomo yake inavyotetemeka ikingoja.

"Ilimsaidia, baba," nikasema. "Sana."

Akashusha pumzi ndefu. Akavaa kofia yake, akaivua tena, akasema Mungu asifiwe, Mungu asifiwe. Kisha akageuka akamtazama kaka yangu, aliyekuwa amesimama kando ya kaburi na koleo, akikohoa kwa vumbi na kwa kilio cha siku zote zile.

"Na huyo kijana naye nimemsikia tangu asubuhi," akasema. "Kifua si kizuri. Nikifika nyumbani nitamkatia yake."

"Asante, baba," nikamwambia.